Deni la Tuta la Mlingotini

...na alikuwa ameshayasema, maneno yameshatoka kinywani na kwenda zao juu ya vichwa vya watu, "Jamaa, yeyote anayemdai ndugu yetu Msabaha, kikubwa au kidogo, aseme hapa kabla hatujamwinua," na sasa ilimpasa Rajabu anyamaze na kusubiri, maana ndivyo inavyofanywa, msemaji wa wafiwa huuliza kisha hutulia, watu wapate kukumbuka, lakini hakuwa amefikiri kwamba kutulia kwenyewe kungekuwa kurefu namna hii, saa sita inakaribia, jua limekaa utosini, jeneza liko juu ya mkeka mbele ya miguu yake, limefunikwa kitambaa cha kijani kilichopauka kwa kuazimwa na misiba mingi, wanaume wamejaa uwanjani mpaka kwenye ua wa makuti, wanawake wamo ndani ya nyumba, madirisha mawili yako wazi na kilio kimekatika ghafla ili nao wasikie, na katika watu wote hao yeye peke yake ndiye aliyesimama, amevaa kofia ya kuazima inayombana masikio, anatazama vidole vyake vya miguu kama mtu aliyedondosha kitu, kwa nini mimi, alimwuliza mzee Bwanausi asubuhi, alipofika kwa miguu kutoka barabarani Zinga na viatu vyake vya mjini vimejaa mchanga, kwa nini nisemee wafiwa mimi ambaye si ndugu, na mzee, mjomba wa marehemu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, "Nani mwingine, mwanangu? Mmesoma wote, mmekula sahani moja, mmelala chumba kimoja huko Makerere, wewe ndiye pacha wake," na Rajabu akasema "Haya, mjomba," basi, haya, neno jepesi, hakusema mjomba, mimi na Msabaha hatujasemezana mwaka wa pili huu, hakusema mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kituo cha mabasi Kariakoo, anapita na bahasha kwapani, amekonda, nami nikafungua gazeti nikajifunika uso mpaka alipopotea... gazeti la jana yake, alilikumbuka hata hilo, alikuwa ameshalisoma lote.

"Namdai mimi!" ikatoka sauti nyuma, na watu wakageuka, kumbe ni Pazi wa Kerege, mtani wa ukoo ule, mtu mrefu mwenye mvi aliyejifunga kanga ya mkewe kichwani tangu asubuhi kwa kuwachokoza wafiwa, anapita katikati ya watu akichechemea, "Namdai goti! Tulipokuwa wadogo alinisukuma kwenye mkorosho, goti likabaki juu, leo hatoki hapa mpaka nirudishiwe," na akajilaza chali mbele ya jeneza, mikono kifuani, macho kayafumba, "au nizikeni mimi badala yake, mimi sikusoma, sitawasumbua wenzangu huko kwa hesabu," na uwanja ukacheka, hata wazee, hata dirishani, mzee Bwanausi akamtupia shilingi tumboni, "Chukua goti lako, mwizi we, ondoka njiani," na Pazi akaiuma ile shilingi kwa meno, akaitazama, "Shilingi ya siku hizi! Laini kama andazi," watu wakacheka tena, na Rajabu naye akajikuta anacheka, kicheko kikatoka chenyewe, kwa sababu hivyo hasa ndivyo Msabaha angesema, shilingi laini kama andazi, na angeigeuza ikawa hoja, angekaa kitako juu ya kile kitanda cha chuma cha mwaka sitini na mbili, sigiri iko mlangoni na chai inachemka mpaka inanuka, na angeanza, "Sikiliza, Rajabu, mwaka ule wa dhiki kuu huko Ulaya kila mtu alikaza mkanda, akaweka akiba, akajiona ana busara, na kila mtu alipoweka akiba hakuna aliyenunua, na asipopatikana mnunuzi kiwanda kinafungwa, na kiwanda kikifungwa yule mwenye busara anafukuzwa kazi, akiba inaliwa, busara imewafilisi wote, ndipo yule mchumi wa Kiingereza akasema jambo ambalo bibi yangu hawezi kulikubali, kwamba watu wote wakibana mkono, basi serikali ifungue wa kwake, hata kwa kukopa," na Rajabu, aliyekuwa akipenda kumwacha amalize ndipo amshike, husema, "Kwao. Kwao viwanda vilikuwepo, vimesimama vinangoja mnunuzi. Sisi tunangoja kiwanda. Ukimpa mtu wa Bagamoyo shilingi, ataipeleka kununua shati, na shati linatoka ng'ambo, na ng'ambo hawataki shilingi yako, sasa umemfungulia nani mkono?" Msabaha anapiga paja, "Viwanda vyetu ni mikono hii," anaonyesha mkono wake mwenyewe, mwembamba, mweusi, umekunjwa shati mpaka kiwikoni, "baina ya kupanda na kuvuna imesimama, haina kazi, hesabu hiyo!"... saa nane za usiku, saa tisa, jirani anagonga ukuta, na asubuhi wanakwenda pamoja kula, hakuna aliyeshinda, na Rajabu hakujua wakati ule kwamba hayo ndiyo yatakuwa maisha yake yote ya kuwa na mtu, kwamba baadaye ataoa na kuachana bila neno kubwa, atapanda cheo, atapata nyumba ya chumba kimoja zaidi ya anavyohitaji, na asubuhi akinyoa ndevu atajikuta anambishia mtu asiyekuwepo kwenye kioo.

"Namdai shilingi elfu moja mia moja na hamsini," ilisema sauti nyingine, taratibu, na aliyesema alikuwa amesimama karibu na ua, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, "ni unga na sukari na mafuta ya kupikia. Ya watu wa tuta," na Rajabu, kicheko hakijamtoka mdomoni, amezoea tangu utotoni kwamba mtani mmoja akimaliza huinuka mwingine, wa kwanza kadai goti wa pili atadai jino, akamjibu kwa sauti ileile ya mzaha, kwa nguvu, kila mtu asikie, "Nawe lako lilibaki kwenye mti gani?"... na hakuna aliyecheka. Pazi mwenyewe alinyanyua kichwa kutoka mchangani akamtazama. "Mimi si mtani wao, bwana," yule mtu akasema bila hasira, "mimi naitwa Haji, nina duka," na mzee Bwanausi akainamisha uso, na Rajabu akasikia masikio yanawaka chini ya ile kofia, "Uniwie radhi, bwana Haji," akasema, "endelea," na Haji alikuwa ameshasema yote, akabaki amesimama na aibu yake, maana si jambo dogo kumdai maiti mbele ya watu, mtu hulala nalo, hushauriana na mkewe, husema nisamehe, nisisamehe, wanangu je, na mwishowe husimama na kutaja kiasi, na msomi kutoka mjini humwuliza mti gani.

Tuta, alisema tuta. Tuta gani, Rajabu alijiuliza, na alikuwa anajua tuta gani, alikuwa analijua kwa namba ya faili, tuta la udongo la kuzuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mashamba ya mpunga ya Mlingotini, urefu hatua mia sita, vibarua arobaini, shilingi tano kwa siku, miezi miwili, shilingi elfu nane, fedha zikopwe humuhumu nchini, na chini yake sahihi ya Msabaha, afisa mipango, iliyoegemea upande kama mtu anayekimbia, kwa sababu Madaraka Mikoani yalipokuja Msabaha aliomba mwenyewe kurudi kwao, wenzake wote wanalilia Dar es Salaam yeye anaomba Bagamoyo, "Nimechoka kubishana juu ya mikono ya watu nisiowaona," alisema, kisha ukaja mwaka sabini na nne, mwaka gani ule, mvua imegoma, bei ya mafuta imepanda mara nne, fedha za kigeni zimebaki za wiki chache, kila senti inakwenda kununua mahindi, unga wa njano umeletwa kwa meli na watu wanauita unga wa Yanga na kuula huku wanaufanyia mzaha, na Rajabu yuko wizarani, mezani pake ndipo maombi ya wilaya yanapopita, na amri imeshuka, kateni, kateni kila kisichopandwa wala kuliwa, na akakata, hakumkata Msabaha peke yake, alikata visima, alikata zahanati, alikata daraja, aliyapitia majalada kumi na manne kwa siku moja, na lile la tuta lilikuwa limeshapewa fedha za mwezi wa kwanza, watu wameshaanza kuchimba, akaandika barua ya mistari mitatu, fedha za mwezi wa pili zisimame mpaka itakapoamuliwa vinginevyo... haikuamuliwa vinginevyo.

Na Msabaha akaja. Aliendesha pikipiki yake kutoka Bagamoyo, akaingia ofisini na vumbi kwenye nyusi, hakukaa, kisha akakaa, akaletewa maji. "Nimewapa neno langu," ndiyo aliyoanza nayo, na Rajabu akasema neno si fungu la bajeti, alisema hivyo kweli, akaona limetoka vizuri, kisha wakaingia kwenye hoja kama watu wanaoingia nyumbani kwao, kila mmoja anajua mlango ulipo, Rajabu akasema, "Wewe unadhani udongo hauhitaji fedha za kigeni. Udongo hauhitaji. Lakini mchimbaji anakula, na anachokula mwaka huu kinatoka Amerika," na Msabaha, kwa sauti ya chini kabisa, akasema, "Kwani asipochimba, hali?" na jibu la hilo Rajabu analitafuta mpaka leo, amelitafuta kwenye vitabu, amelitafuta kwenye kioo, asipochimba anakula vilevile, kidogo zaidi labda, kwa aibu zaidi, na tuta halipo, lakini siku ile hakusema sina jibu, alikwenda kwenye hoja nyingine, hivyo ndivyo wasomi wanavyokimbia, akasema, "Na hilo deni nani atalilipa?" Msabaha akasema lile lake la siku zote, "Deni la ndani tunadaiana wenyewe kwa wenyewe, ni kama mkono wa kulia umemkopesha wa kushoto, tena serikali si mtu, haizikwi, inaweza kungoja mpunga ukaiva," na Rajabu akasema, na hili ndilo alilojivunia zaidi, alilirudia hata kwenye mkutano wa wakuu wa idara, "Wenyewe kwa wenyewe ni maneno ya vitabuni. Anayekopa ni mmoja, anayekula ni wa pili, anayelipa ni wa tatu, na huyo wa tatu hajaulizwa." Msabaha akanywa maji nusu glasi, akasimama, akasema, "Hilo ni kweli," akaondoka. Hilo ni kweli. Alimwachia ushindi juu ya meza pamoja na ile nusu glasi, na Rajabu akafurahi jioni nzima, na kesho yake alikuwa na huzuni asiyojua imetoka wapi.

"Na mimi mniandike!" sauti ya mwanamke kutoka dirishani, kali, ya mtu aliyezoea kuita wateja, na mwanamume mmoja uwanjani akasema, "Bi Mize, ngoja wanaume wamalize," naye akamjibu hapohapo, "Wanaume ndio waliokula! Nilipika siku ishirini, vichwa arobaini, sufuria langu limetoboka kitako, serikali ilipokatika mkono marehemu akaniambia Bi Mize pika, nitalipa mimi, akalipa akalipa mpaka akaishiwa. Zimebaki mia tatu. Mia nimemsamehe, Mungu ni shahidi. Mia mbili sisamehe, Mungu anisamehe mimi," na mle ndani wanawake wengine wakamwambia maneno yasiyosikika, wengine kumtuliza wengine kumwunga mkono, na Pazi, sasa amekaa mchangani, kanga imemwangukia shingoni, akasema, na haikujulikana kama ni utani au si utani, "Jamani ninyi, serikali iko hai inapanda Landrova, mnamdai maiti?" na mtu mmoja akacheka kidogo kisha akaacha, na mwingine akasimama, mia nne na sitini, za majembe na mikokoteni, na mwingine, themanini, "lakini hizo nimesamehe, aende salama," na Rajabu akawa anajumlisha, hawezi kutojumlisha, ni ugonjwa wake, vibarua arobaini kwa shilingi tano kwa siku ishirini ni elfu nne kwa mwezi, alizozizuia yeye kwa mistari mitatu, na hapa zimesimama elfu moja mia nane na kumi zisizosamehewa, basi nyingine zaidi ya elfu mbili zililipwa, zililipwa na nini, na papo hapo akaiona ile pikipiki ambayo hakuiona Kariakoo, Msabaha kwa miguu, bahasha kwapani, na mara ile nyuma ya gazeti alikuwa amewaza, alikumbuka vizuri alichowaza, tazama, mtu wa kufungua mkono, amekula mpaka pikipiki yake.

Kumbe tuta alilimaliza. Asubuhi Rajabu alipokuwa akija alipita pembeni ya mpunga, umesimama mpaka kiunoni, wa kijani mzito, akadhani mwaka huu watu wa huku wamebahatika mvua, na akapita juu ya kitu kirefu cha udongo chenye majani yaliyoota, njia nzuri kavu, akashukuru viatu vyake havitaloa, hakujiuliza anakanyaga nini... na hata hivyo, ilisema ile sauti yake ya ofisini, ambayo hainyamazi hata msibani, hata hivyo hesabu yako ilikuwa sahihi, wilaya zote zingefanya vile mahindi yangelipiwa na nini, tuta moja si sera, mpunga wa kijiji kimoja haujibu swali la nchi, na Rajabu akaisikiliza akaona haisemi uongo, hiyo ndiyo taabu, haikusema uongo mwaka ule na haisemi uongo sasa, angepewa tena majalada yale kumi na manne labda angekata kumi na tatu, labda yote, yeye si mtu mbaya, Msabaha naye hakuwa mtu mzuri tu, alikuwa mkaidi, aliwatia watoto wake shidani kwa ajili ya neno alilowapa vibarua, mtu angeweza kukaa na kulipima hilo mpaka jua lizame bila kupata upande, lakini jeneza haliwezi kungoja mpaka jua lizame.

"Sema, mwanangu," mzee Bwanausi alimnong'oneza kutoka nyuma, "sema liko juu ya familia, watu wasichoke bure juani," na hivyo ndivyo inavyosemwa, madeni ya marehemu yako juu yetu wafiwa, njooni tutazungumza, maneno yapo tayari, laini, yameshasemwa kwenye kila uwanja wa pwani hii, na familia ni nani, familia ni mzee huyu mwenye minazi kumi na minne, na ni Mwanamkasi, mjane, aliyemo mle ndani ameketi kwenye mkeka na shuka nyeupe, ambaye asubuhi alimpokea mlangoni, "Shikamoo, shemeji," "Marahaba, pole sana," na hakulia, alisema tu, kama mtu anayetoa salamu alizoachiwa, "Alikuwa anakutaja. Akisikiliza taarifa ya habari huwa anaiambia redio, hapa Rajabu angebisha, kisha anabisha badala yako, sauti mbili, yako na yake, mimi nacheka"... sauti mbili, huku Mlingotini mtu alikuwa anasema kwa sauti mbili na huko Upanga, nyumbani kwa Rajabu mjini, mtu alikuwa anasema kwa sauti mbili, hatua mbili kutoka kwenye basi, senti chache za nauli, miaka miwili. Wa tatu ambaye hajaulizwa. Alikuwa ndiye huyu. Alikuwa amemtaja kwenye mkutano wa wakuu wa idara bila kumjua jina, na jina lake ni Mwanamkasi.

Au aseme liko juu ya serikali, na hilo ndilo la kweli kuliko yote, na ni neno la mwendawazimu, serikali haisimami uwanjani, haina mjomba wa kuinong'oneza, atacheka hata Pazi, na Haji atarudi dukani na ukweli mkononi bila senti. Basi aseme juu yangu. Akaliona neno hilo likija kama mtu anayemfahamu, juu yangu, fedha zipo, benki ana zaidi ya mara tatu yake, hana mke hana mtoto, zinamngoja nani, alizoweka akiba mwaka hadi mwaka kwa busara, na moyo wake ukawa mwepesi ghafla, akashangaa wepesi wake, na kabla hajaupima akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Madeni yote ya tuta mliyoyataja, ya bwana Haji, ya Bi Mize, ya majembe na mikokoteni, yako juu yangu mimi Rajabu. Nitayalipa kabla ya hitima."

Uwanja ukaguna kwa pamoja, mguno ule mzuri, wa watu walioona kitu kinachofaa kwenda kusimuliwa, "Mungu akulipe kheri," "Huyo ndiye rafiki, jamani," "Marafiki wa siku hizi wako wapi kama huyu?" Haji akavua miwani akaifuta, mzee Bwanausi akamshika bega huku analia, na kutoka dirishani Bi Mize, "Basi na mia mbili zangu nimesamehe! Kama mtu baki anaweza, nami naweza," na wanawake wakapiga kigelegele kifupi wakakumbuka ni msiba wakakikata, na Rajabu akasimama katikati ya yote hayo kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto, wanamshukuru, ndicho anachofanyiwa, wanamshukuru, na ule wepesi aliousikia alikuwa sasa anaujua ni wepesi gani, ni wa mtu aliyenunua kwa bei rahisi, elfu moja na mia kadhaa, mshahara wa mwezi, amenunua jina la rafiki lililomponyoka mwaka sabini na nne, na wamemfungia kwenye karatasi nzuri, na Bi Mize ametoa mia mbili zake halali kumwongezea, mwanamke mwenye sufuria bovu amemkopesha yeye. Hakuna anayejua. Msabaha hakumwambia mtu. Miaka miwili ya Haji kumdai, ya Bi Mize kumpigia kelele njiani, alichosema ni kwamba serikali imekatika mkono, hakusema mkono wa nani, hata kwa mkewe, aliyeendelea kusikia jina la Rajabu kama jina la mtu wa nyumbani... na kama akinyamaza sasa itabaki hivyo, watamzika, watakula pilau, atarudi Upanga, kila Idi watamletea samaki mkavu, Mwanamkasi atamwita shemeji, watoto watamwita baba mdogo, hatakuwa peke yake tena, aliliona hilo lote, joto, jepesi kulifikia, lilihitaji tu asifanye kitu.

"Bado upande wa pili, bwana," alisema Maalim, aliyekuwa amekaa karibu na kichwa cha jeneza muda wote, mzee wa umbo dogo mwenye macho meupe ya mtoto wa jicho, na Rajabu hakuelewa, na Maalim akamfunulia kwa upole kama anayemsahihisha mwanafunzi aliyeruka aya, "Umeuliza anayemdai. Uliza na anayedaiwa naye. Maiti naye ana haki yake," ndiyo, ilikuwa hivyo, siku zote iko hivyo, pande mbili, watu hujibu upande wa kwanza na wa pili hupita kimya, huulizwa kwa kutimiza tu, nani husimama mbele ya watu akasema mimi nilichukua cha huyu, na Rajabu akalowesha midomo, "Na yeyote anayedaiwa na marehemu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, akairudia, "yeyote anayedaiwa na Msabaha, aseme," akanyamaza, kama inavyompasa msemaji, watu wapate kukumbuka.

Walikuwa wameshaanza kujifunga shuka viunoni tayari kwa kubeba. Vijana wanne walikuwa wameshainama kwenye miti ya jeneza. Kimya hiki hakikuwa kirefu, kilikuwa cha pumzi tatu au nne, kimya cha kutimiza, na ndani yake Rajabu alitafuta hoja, akaikuta, zilikuwepo nyingi, nzuri, za kweli, mwaka ule, amri ile, fedha za kigeni, angeweza kuwaeleza na wangeelewa, ni watu wenye akili, na alipokuwa anaipanga ya kwanza aliona anampangia nani, alikuwa anampangia Msabaha, kwa mara nyingine, kutoka nyuma ya gazeti, na Msabaha alikuwa hapa hatua moja mbele yake hawezi kusema hilo ni kweli wala si kweli, wa kubishana naye hayuko, hatakuwepo, na kilichobaki kati yao si ubishi, ni kitu kilichochukuliwa na hakijarudishwa, na aliyechukua bado amesimama juani.

"Mimi," alisema.

Wakamtazama kwa huruma, wakidhani ni huzuni, mzee Bwanausi akamwambia "Basi, mwanangu, umeshafanya," na ndipo alipoelewa kwamba neno moja halitoshi, linaweza nalo kusikika kama wema, akageuka kutoka kwa wanaume, akalielekea dirisha ambalo nyuma yake alijua ameketi Mwanamkasi, akavua ile kofia ya kuazima, akasema sawasawa, bila kupandisha sauti, "Fedha za tuta nilizizuia mimi. Barua niliiandika mimi. Msabaha alikuja kuniomba, sikumpa," na hakuongeza lile 'kwa sababu'. Vijana walibaki wameinama, mikono kwenye miti. Jeneza lilikuwa palepale juu ya mkeka, jua palepale, na Rajabu akasubiri wamjibu, hana hoja.